Farasi Aliyeogopa Leso

Waithira alikuwa amepanga maneno yake vizuri alipotoka Kapseret, lakini kufikia Kaptagat upepo wa pikipiki ulikuwa umeyapeperusha yote, yakabaki mawili tu: wasirudi tena.

"Madam, si hapa ndio kwa farasi?" mwenye boda aliuliza akizima injini.

"Ndio hapa."

"Nikungoje?"

Alifikiria kidogo. Kumwambia mwanamume kwamba humtaki tena si kazi ya kutwa nzima. Mtu mwenye roho ngumu anaimaliza kabla injini haijapoa.

"Enda tu," akasema hata hivyo. "Nitapigia mwingine."

Hapo tayari alikuwa ameanza kulegea, ila hakuwa amejua bado.

Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miti ya msitu ng'ambo ya barabara, na baridi ya Kaptagat ilikuwa ile ya kuingia ndani ya sweta bila kubisha hodi. Alijifunga vizuri leso ambayo mama yake alikuwa amemtupia mabegani pale mlangoni, akimwambia huko juu ataganda. Kundi la wakimbiaji wa kambi ya mazoezi lilipita likihema pamoja. Mmoja alimwinulia mkono, naye akainua wake bila kumwona. Macho yake yalikuwa yameshatangulia, yamevuka ua wa miti, yanatafuta sweta ya kijani.

Kwa asiyejua mambo ya ruracio, sherehe ya mahari, tueleze kidogo. Siku ambayo wakwe wanakuja kwa Wakikuyu, msichana hatolewi hivi hivi. Anafunikwa leso kutoka kichwani mpaka magotini, pamoja na wenzake wa kimo chake, wanapangwa mstari uwanjani, na bwana harusi anaambiwa achague wake. Akimpata anamshika kichwa na kusema, "Ni huyu." Vigelegele vinapigwa. Akimkosa watu wanacheka, anatozwa faini ya soda, na anarudi kujaribu tena. Ni mchezo, na kila mtu anajua ni mchezo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Waithira kusimama chini ya leso. Alisikia buti za Kiprotich, mchumba wake, zikija. Zilipita mtu wa kwanza, zikapita wa pili, zikasimama mbele yake. Alisikia pumzi anayoijua. Moyo wake ulimruka kwa furaha hata akajiuma mdomo asicheke. Halafu buti zikaendelea mbele. Muda mfupi baadaye hema lote lililipuka kwa kicheko, maana Kiprotich alikuwa amemshika kichwa Lynette, binamu ya Waithira, na kutamka kwa sauti mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Ni huyu."

Waithira alitupa leso chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Kujaribu mara ya pili hakukuwepo. Wazee walikunywa chai yao wakizungumza habari za mvua, kisha wageni wakapanda magari wakarudi Kaptagat.

Tangu hapo nyumba ilikuwa ya Tata Kabura, dada ya baba yake, ambaye hakuwahi kumpenda huyo kijana tangu mwanzo. "Mtu mkimya hivyo mimi simwamini," alikuwa akisema asubuhi, na jioni akarudia. "Amekuja hapa mara ngapi na hajawahi kumaliza sentensi? Anaongea na farasi, watu anawanyamazia. Sasa kumbe hata macho hana."

Baba yake, Mzee Mungai, hakuwa mtu wa maneno makali. Mchana wa leo alikuwa amemwita nyuma ya duka lao la agrovet, katikati ya magunia ya chakula cha kuku. "Mjomba yake Kiprotich anangoja simu yangu jioni," alimwambia. "Waje Jumamosi ama wasije? Jibu ni lako, mami. Mimi sitamsukuma mtu kwa ndoa."

Waithira alikuwa amesema atatoa jibu akirudi. Kiprotich angelisikia kwanza, kutoka kwa mdomo wake, si kwa simu ya wazee. Heshima hiyo alikuwa bado anayo.

Alimkuta katikati ya uwanja wa duara uliozungushiwa mbao, mahali anapofundishia farasi wake. Hakuwa na kamba wala kiboko. Alikuwa amesimama tu, amekaa kwa ubavu, mikono imelegea, anaangalia ardhi kama mtu aliyedondosha sindano. Upande wa pili alisimama Kesho, farasi jike wa rangi ya kahawia mwenye alama nyeupe puani. Jina hilo lilitokana na watu. Kila mpita njia alikuwa akiuliza huyu atapandwa lini, na Kiprotich kila mara akijibu, kesho.

Lango la uwanja lilikuwa wazi. Huwa analiacha wazi. Waithira aliwahi kumuuliza sababu, siku za mwanzo kabisa, na akajibiwa, "Akijua anaweza kutoka, hawezi kuwa na haraka ya kutoka." Siku hiyo ndiyo alianza kumpenda. Hakuwa amewahi kusikia mwanamume akisema hivyo kuhusu kitu chake.

Alipofika langoni alikohoa kidogo, akayakusanya yale maneno yake mawili.

"Toa hiyo leso kwanza," Kiprotich akasema bila kugeuka.

"Ati?"

"Leso. Toa pole pole, usiipunge."

"Tangu Jumamosi hujaniambia kitu," Waithira alisema, na sauti ikaanza kupanda yenyewe, "na neno la kwanza ni nitoe leso? Hata salamu hakuna?"

"Kesho ameiona."

Kweli alikuwa ameiona. Shingo ilikuwa imesimama wima na weupe wa macho umetokea. Mmiliki wake wa zamani alikuwa akimtimua kwa kumpiga na gunia tupu, na tangu hapo kitu chochote cha kitambaa kinachopepea kilikuwa kwake ni gunia. Waithira alijua hadithi hiyo. Alijua pia kwamba mwaka huu wote Kiprotich amekuwa akitundika shuka kwenye mbao, kila wiki akilisogeza karibu kidogo. Aliivua leso kwa hasira ya taratibu, kama kuna hasira ya aina hiyo, akaitundika juu ya mlingoti wa lango.

Ndipo Kiprotich akageuka. Alikuwa amekonda kidogo usoni. Alimtazama Waithira kwa muda ambao mtu mwingine angeona aibu kumtazama mwenzake, halafu akasema, "Habari yako."

"Mzuri. Nimekuja tuongee."

"Sawa. Wacha nimalize na huyu."

"Umalize na huyu."

"Ameshtuka, Waithira. Nikimwacha saa hii atalala na hofu na asubuhi ataamka nayo. Farasi hasahau vile mlimaliza. Ni dakika kidogo tu."

Alitaka kumwambia kwamba hata binadamu hasahau vile mlimaliza, lakini aliketi juu ya ubao wa ua. Alijiambia hataangalia. Akaangalia.

Kiprotich alipumua nje kwa sauti, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Alirudi nyuma kidogo. Hakumfuata farasi, hakumwita. Kesho alitembea akizunguka uwanjani, akasimama, sikio moja likielekea kwa Kiprotich na lingine kwa leso. Baada ya muda alianza kulamba midomo na kutafuna ilhali hakuna kitu mdomoni.

"Unaona?" Kiprotich alisema kwa sauti ya chini. "Anafikiria sasa."

"Naona."

Kichwa cha Kesho kilishuka. Alikuja hatua kwa hatua mpaka nyuma ya Kiprotich, akaweka pua kwenye mgongo wa ile sweta ya kijani, akapumua. Kiprotich aligeuza kiganja na kumpa mkono aunuse kabla ya kumsugua chini ya singa za shingo. Alimsugua kidogo tu, kisha akaondoka yeye kwanza, kabla farasi hajachoka naye. Waithira alihisi joto kifuani na akakasirika kulihisi. Mtu anakuja kuachana, halafu anaonyeshwa mambo kama hayo.

Kiprotich alikuja mpaka kwenye ua akasimama mbali kidogo, bega moja mbele.

"Usinisimamie hivyo," Waithira akasema.

"Vipi?"

"Vile unasimamia farasi. Kwa ubavu. Nisimamie kama mtu."

Akageuka akamkabili, mikono hajui aiweke wapi.

"Ulisimama mbele yangu," Waithira alisema.

"Ndio."

"Nilisikia ukipumua."

"Ndio."

"Halafu ukapita."

Kiprotich alitazama vidole vyake.

"Sema kitu, Kip. Aki sema kitu. Tata Kabura anasema wewe huwezi kumaliza sentensi, na siku zote mimi ndio nakutetea. Namwambia ngoja umjue. Sasa saa hii sina kitu ya kumwambia."

"Nilikujua," Kiprotich akasema.

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Nilipofika kwako mwili wote ulijua. Vile mtu anajua amefika kwao hata taa za stima zikiwa zimepotea. Nilikuwa nainua mkono. Halafu mjomba akasema nyuma yangu, haraka kijana, mvua inakuja. Watu wakacheka. Simu zote zikanielekea. Tata yako akapiga kigelegele hapa, kwa sikio." Aligusa sikio kana kwamba bado linauma. "Nikaogopa. Nikaangalia chini. Mimi mnyama yeyote naanzia kwa miguu, ni mazoea tu. Nikaona viatu si vyako."

"Havikuwa vyangu."

"Najua sasa. Nikaenda mbele nikakuta vyako. Vile vyeupe viko na doa la dawa ya kupe. Nikafurahi kabisa. Nikasema, ni huyu."

"Mimi nilikuwa nimevaa vya Lynette," Waithira alisema. "Tata ndiye alitubadilisha. Vilinibana mpaka kidole kikafa ganzi."

"Alinimaliza."

"Alikumaliza kweli."

Kidogo wacheke. Kicheko kilifika karibu kabisa, kikakosa pa kukaa.

"Farasi akiogopa haoni," Kiprotich aliendelea, na Waithira akatambua kwamba hajawahi kumsikia akiongea muda mrefu hivi bila farasi kuwa na shida. "Unaweza kumwekea ndoo ya shayiri hapa mbele, aipige teke na njaa anayo. Si ati ni mjinga. Hofu imemjaa, hakuna mahali pa kitu kingine. Wenye farasi wakinilipa niwafundishe, hiyo ndio kitu ya kwanza nawaambia. Usimpigie kelele, usimharakishe, hataweza kukuonyesha akili yake. Halafu Jumamosi nikasimama hapo kwenu, mimi ndio farasi."

Waithira alikuwa akimtazama mikono. Alitamani kuishika. Alijizuia, kwa sababu viatu havikuwa ndio jambo lililomleta.

"Sawa," akasema. "Viatu nimesamehe. Kuna kingine."

"Sema."

"Nilifunga mlango nikakaa kwa kitanda. Nilikuwa nangoja. Mtu akibisha, najua ni wewe. Alikuwa mama. Akabisha mwingine, Lynette, analia kuliko mimi. Akabisha Shosho, na uzee wake wote, ameshika kikombe ya chai. Halafu nikasikia magari ikiwashwa. Wewe hukubisha."

"Nilifikiri unataka nafasi."

"Nafasi."

"Farasi akikimbia, ukimfuata unamfundisha kukimbia. Unangoja. Atarudi mwenyewe akiwa tayari. Nimekuwa nangoja tangu siku hiyo. Hata simu nilikuwa naweka mahali naiona."

"Mimi si farasi."

Kiprotich alishika ubao wa ua.

"Mimi si farasi, Kiprotich. Mimi nikikimbia, nifuate."

Alisema bila kupaza sauti, na labda ndiyo sababu yalimwingia mwenzake hivyo. Kiprotich alibaki ameshika ubao wa ua. Maisha yake yote wanyama walikuwa wamempenda kwa sababu yeye hawafuati, na hakuwa amefikiria kwamba kuna kiumbe anayeweza kulia chumbani kwa sababu hiyo hiyo.

"Hiyo sikujua," akasema mwishowe.

Waithira alimwamini, na kumwamini kukamuuma zaidi. Ni rahisi kumwacha mtu mbaya. Huyu alikuwa amekaa siku zote hizo huku juu akimpenda kwa njia aliyoijua, na yeye kule chini akiisubiri njia nyingine.

"Baba anampigia mjomba yako jioni," akaanza. "Nimekuja nikuambie mimi mwenyewe, usisikie kwa watu. Nitamwambia wa..."

Upepo ukainua leso kutoka kwenye mlingoti.

Ilipaa kidogo tu, ikaangukia ndani ya uwanja, ikaburuzika chini. Kesho aliruka, akazunguka uwanja mbio, mavumbi na manyunyu ya udongo yakiruka nyuma yake. Alipita lango lililo wazi. Akalipita tena. Hakutoka. Alijibana upande wa mbali kabisa, ubavu ukipanda na kushuka.

Kiprotich hakutikisika. Waithira ndiye aliyeteremka uani akaingia kuiokota, na alipoinama kuichukua ndipo akaitambua. Maua mekundu, pindo jeusi. Kati ya leso zote zilizo kabatini, mama yake alikuwa amemtupia ile ile ya Jumamosi. Alisimama nayo mkononi, na kitu cha ukaidi kikampanda, kile ambacho baba yake husema amekirithi kutoka kwa Tata Kabura.

"Unasema huyu ana akili," akasema.

"Sana."

"Ananijua?"

"Si unajua anakujua. Jumapili ukichelewa kutoka kanisa anakaa ameangalia barabara."

"Kukushinda wewe, ananijua?"

"Waithira, hapana," Kiprotich akasema, maana alikuwa ameona mikono yake inavyoikunjua leso. "Hicho ndio kitu anaogopa kuliko vitu vyote."

"Basi aogope. Lango liko wazi."

Akajifunika. Kutoka kichwani mpaka magotini, kama walivyomfunika Jumamosi.

Giza lilikuwa lile lile, jekundu jekundu, na harufu ile ile ya dawa ya nondo. Alimsikia Kiprotich akipumua kwa nguvu, kisha sauti yake, ya chini na ya karibu. "Sawa. Basi usisogee. Teremsha mabega. Pumua nje, yote. Asikie umelegea. Farasi anasoma hofu yako kabla hujaijua."

Waithira alipumua nje. Viatu leo vilikuwa vyake.

Muda ulipita. Kwato zilisikika, polepole, zikasimama. Kukawa na mlipuko wa pumzi puani. Zikaja tena. Sasa zilikuwa mbele yake kabisa, na joto la mnyama lilipenya kitambaa likamfikia shingoni. Kesho alinusa mara moja, kwa mbali. Waithira alibana macho akaomba, hakujua anaomba nini hasa.

Kwato zikageuka, zikapita, zikaenda.

"Amenipita," akasema chini ya leso. Machozi yalikuwa yameshatoka, moto kabisa. "Hata yeye. Kip, hata yeye amenipita."

"Usitoke."

"Ameenda!"

"Hajaenda. Amefika kwa lango, amesimama. Sikio moja liko kwako." Kiprotich alisema kwa upole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Kitu anaogopa lazima akipite kwanza. Akizunguka anarudi kukiangalia na jicho la upande mwingine. Macho yake yako kando, kila moja linataka kuona lake. Bado hajakuona wote."

"Ningoje mpaka saa ngapi?"

"Mpaka arudi."

Basi akangoja. Na katika kungoja huko, giza jekundu likiwa limemzunguka, ndipo alipoiona Jumamosi vizuri kwa mara ya kwanza. Mila ilikuwa imeshajua kwamba watu wataogopa. Ndiyo maana kuna faini ya soda na si kifungo. Kila bwana harusi aliyewahi kukosea katika uwanja wa Mkikuyu, hata yule mlevi, hata yule aliyekuja na miwani ya jua, alipewa nafasi ya kuzunguka na kurudi. Kiprotich peke yake ndiye alinyimwa, na aliyemnyima si Tata Kabura. Ni yeye Waithira, aliyetoka kwenye mstari kabla mtu hajamaliza kuogopa.

Kwato zilianza tena, upande wa kushoto safari hii. Hazikusita sana. Kitu kizito, laini na chenye unyevu kilimsukuma begani, kikateremka mkononi, kikafika kwenye mfuko wa sweta na kuuchokoa. Kila Jumapili mfuko huo huwa na karoti. Leo haukuwa nayo, nani anabeba karoti akienda kuachana? Kesho aliuchokoa kwa subira, akakuta hamna kitu, na hakuondoka. Aliegemeza paji la uso juu ya ile leso, juu ya maua yake mekundu, akapumua pumzi ndefu iliyompasha Waithira tumbo zima.

"Eeh, Mungu wangu," Waithira akanong'ona, akicheka na kulia kwa pamoja. "Nitoe leso?"

"Usitoe."

Buti zikaingia uwanjani. Hazikuja kwa ubavu, hazikuja kwa kuzunguka. Zilikuja moja kwa moja na kusimama mbele yake, na akasikia pumzi anayoijua. Hakuna aliyesema haraka. Mkono ulishuka juu ya kichwa chake, mkubwa, ukatulia hapo.

"Ni huyu," Kiprotich akasema. "Na nimekufuata. Kutoka pale kwa ua tu, lakini nimeanza. Ukikimbia mpaka Kapseret nitakuja Kapseret. Nitabisha. Mkikataa kufungua nitazunguka kwa dirisha, Shosho ataniona, najua ataniitia polisi, lakini nitabisha. Nakupenda, Waithira. Nilikuwa nafikiri unajua vile Kesho anajua, bila kuambiwa. Sasa nakuambia."

Simu ililia ndani ya ule mfuko usio na karoti. Kesho alirusha kichwa, akarudi nyuma kidogo, akabaki. Waithira alitoa mkono chini ya leso na simu ikiwa imeshikwa, na jina la Tata Kabura likiwaka juu ya kioo.

"Anataka jibu," akasema. "Ongea naye."

"Nimwambie nini?"

"Kitu wewe unataka. Mimi niko hapa nasikiliza."

Kiprotich alichukua simu kama mtu anayepokea yai.

"Waithira!" Sauti ya Tata ilisikika mpaka kwenye ua. "Baba yako amekaa hapa na simu mkononi. Umemwambia huyo mtu?"

"Tata Kabura, habari ya jioni. Ni Kiprotich."

"Mzuri," Tata akasema mwishowe, kwa shaka.

"Tata, tafadhali mwambie Mzee Mungai ampigie mjomba. Tungependa kuja Jumamosi, kama mtatukubali. Soda za faini tutaleta, za boma yote, na makosa ni yangu. Mchezo wenu ulikuwa mzuri. Hiyo ya viatu, Tata, ulinimaliza kabisa, mpaka leo nashangaa. Lakini huyu msichana nilimjua kabla niangalie viatu. Nilikuwa na woga tu. Nampenda na nataka kumwoa, na nimeona nikuambie wewe kwa mdomo wangu kwa sababu najua wewe ndio hujaridhika. Uliza chochote unataka nitakujibu. Na Jumamosi mfunike tena. Hata mkitaka mfunike na blanketi. Sitaangalia chini."

Halafu wakasikia Tata Kabura akigeuza kichwa huko Kapseret na kuita kwa nguvu zote, "Mungai! Mungai, kuja! Huyu mtu kumbe anaongea!"

Kiprotich alirudisha simu. Jasho lilikuwa limemtoka, na baridi yote hiyo. Kesho alikuwa amesogea tena na sasa alikuwa anatafuna pindo la leso, kitu cha kutisha kuliko vyote duniani, akilivuta kidogo kidogo hadi likateleza na uso wa Waithira ukatokea, umelowa, nywele zimesimama kila upande. Wakatazamana.

"Na Jumamosi nikikosea tena?" Kiprotich akauliza.

Waithira alijifuta macho kwa upande wa leso ambao ulikuwa haujatafunwa.

"Zunguka urudi," akasema. "Sitaingia ndani."